Tezi Dhaifu, Moyo Wenye Wasiwasi: Jinsi ya Kuishi na Hali Zote Mbili

Mama anayeuza mahamri na mbaazi kando ya barabara anaanza kuchoka kupita kiasi. Wenzake wanajipepea kwa leso kwa sababu ya joto, naye amevaa sweta. Nywele zinakatika, choo kimekuwa kigumu, na mwili unanenepa ilhali chakula ni kile kile. Usiku usingizi hauji. Kifua kinabana, moyo unadunda, na akili inahesabu madeni na maradhi ambayo hata hayajafika. Jirani mmoja anasema ni uvivu. Mwingine anasema ametupiwa kitu. Wa tatu anamwambia aache mawazo mengi.

Mama huyu ni mfano tu, lakini dalili hizo ni za kweli na kuna wananchi wanaoishi nazo. Huenda ana hali mbili kwa wakati mmoja: tezi ya thairoidi inayofanya kazi kwa uvivu, na wasiwasi uliopita kiasi. Zote mbili zina matibabu. Shida ni kwamba kila moja huvaa nguo za mwenzake, na mgonjwa akitibiwa moja tu, nyingine hubaki ikimsumbua.

Tezi ya thairoidi ni nini?

Thairoidi ni tezi ndogo iliyo mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Umbo lake linafanana na kipepeo aliyekunjua mbawa. Kazi yake ni kutengeneza homoni, hasa thairoksini, ambayo husafiri kwenye damu na kuuambia mwili utumie nguvu kwa kasi gani. Moyo, utumbo, ngozi, misuli na ubongo vyote husikiliza homoni hiyo.

Homoni ikipungua, mwili mzima hupunguza mwendo. Mtu huhisi baridi, huchoka, hufunga choo, ngozi yake hukauka, sauti huwa nzito na kumbukumbu hupungua. Wanawake wengine hupata hedhi nyingi kuliko kawaida. Dalili hizi huja polepole, kwa miezi au hata miaka, ndiyo maana wengi huzidhania kuwa ni uzee, uchovu wa kazi au ulezi wa watoto.

Sababu ziko kadhaa. Moja iliyo maarufu ni kinga ya mwili kuishambulia tezi yake yenyewe. Ugonjwa huo huitwa Hashimoto, kwa jina la daktari Mjapani Hakaru Hashimoto aliyeueleza mwaka wa 1912. Sababu nyingine ni ukosefu wa iodini katika chakula, upasuaji wa tezi, na baadhi ya dawa kama vile lithiamu. Wanawake huathirika zaidi kuliko wanaume. Wengine tezi zao huyumba katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, wakati ambapo kila mtu nyumbani anaamini kwamba uchovu na hofu ya mama vinatokana na mtoto asiyelala.

Wasiwasi unaingia vipi?

Mtu angetarajia tezi iliyolegea imfanye mgonjwa awe mzito na mtulivu. Hata hivyo, baadhi ya wagonjwa huwa na hofu nyingi, na njia za hofu hiyo kuingia ni zaidi ya moja.

Kwanza, ubongo nao hutegemea homoni ya thairoidi. Homoni ikipungua, hali ya moyo hubadilika: wengine huwa na huzuni, wengine wasiwasi, wengine vyote viwili.

Pili, ugonjwa wa Hashimoto unapoanza, tezi inayoshambuliwa inaweza kumwaga homoni nyingi kwa muda mfupi kabla haijadhoofika. Katika kipindi hicho mgonjwa hutetemeka mikono, hutoka jasho na moyo humwenda mbio.

Tatu, hedhi nyingi inaweza kuleta upungufu wa damu, na mtu aliyepungukiwa na damu moyo wake hudunda hata akipanda ngazi chache. Mdundo huo humtia hofu, na hofu huuongeza mdundo.

Nne, dawa yenyewe ikizidi kipimo huleta dalili zinazofanana kabisa na wasiwasi.

Na mwisho, wasiwasi unaweza kuwepo wenyewe, bila kuhusiana na tezi. Mtu mwenye tezi dhaifu ana karo ya kulipa, mgonjwa wa kuuguza na msiba wa kuomboleza kama watu wengine.

Kipimo kwanza

Kwa sababu dalili zinaingiliana, hakuna mtu anayeweza kujua kwa kutazama tu ni ipi inatoka wapi. Damu hupimwa TSH, yaani homoni inayotoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo ili kuiamuru thairoidi ifanye kazi. Thairoidi ikiwa mvivu, ubongo hupaza sauti na TSH hupanda. Kipimo cha pili huonyesha kiasi cha thairoksini yenyewe. TSH ikiwa juu na thairoksini ikiwa chini, jibu limepatikana. Ni vyema pia kumwomba mhudumu wa afya apime wingi wa damu.

Mgonjwa anapaswa kumweleza mhudumu kila kitu anachokunywa au kumeza, zikiwemo dawa za mitishamba na vidonge vya kukuza nywele na kucha. Vingi vya vidonge hivyo vina biotini, ambayo inaweza kupotosha majibu ya maabara. Na anapozungumzia uchovu na baridi, asione haya kutaja pia hofu, kukosa usingizi na kulia bila sababu. Mhudumu hawezi kutibu jambo ambalo hakuambiwa.

Kidonge kimoja, kanuni chache

Tezi dhaifu hutibiwa kwa levothairoksini, kidonge kinachomezwa mara moja kwa siku kujaza pengo la homoni. Kwa wengi ni dawa ya maisha. Hufanya kazi vizuri, lakini ina masharti yake.

• Kimezwe tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kiamsha kinywa. Chai ya maziwa, kahawa na uji hupunguza kiasi kinachoingia mwilini.

• Vidonge vya kuongeza damu, vya kalisiamu na dawa za kiungulia vitengwe nacho kwa angalau saa nne. Hili ni muhimu kwa mama mjamzito au mtu aliyepungukiwa na damu, ambaye huenda amepewa dawa zote kwa siku moja na kuzimeza pamoja.

• Asiyeweza asubuhi anaweza kushauriana na daktari ameze usiku, saa tatu au zaidi baada ya chakula cha mwisho. Anayefunga Ramadhani apange saa zake na daktari kabla ya mwezi kuandama. Asikatize dawa.

• Aliyesahau siku moja asimeze viwili kesho yake ili kufidia.

• Dawa iwekwe mahali pakavu, mbali na jiko na dirisha lenye jua. Joto na unyevunyevu wa Pwani huiharibu.

• Mwanamke anayetumia dawa hii akigundua ana mimba aende kliniki mapema, kwa kuwa kipimo chake kwa kawaida huhitaji kuongezwa. Ubongo wa mtoto tumboni hutegemea homoni ya mama, hasa miezi ya mwanzo.

Moyo unapoenda mbio baada ya kuanza dawa

Hapa ndipo wengi hukosea. Mgonjwa ameanza dawa, na wiki chache baadaye anahisi moyo ukidunda usiku. Anakata shauri kwamba dawa inamuua, anaiacha. Miezi miwili baadaye uchovu umerudi, na hofu haikuondoka. Mwingine hufanya kinyume: akiona bado amechoka, anajiongezea kidonge, kisha anatetemeka na kukosa usingizi. Wote wawili wamejiingiza katika shida ambayo kipimo kimoja cha damu kingeweza kuizuia.

Levothairoksini huingia na kutoka mwilini polepole. Kwa hivyo TSH hupimwa tena wiki sita hadi nane baada ya kuanza dawa au kubadilisha kipimo, na athari za kidonge cha leo hazihukumiwi kesho. Kipimo kikiwa kimezidi, daktari hukipunguza. Kikiwa sawa na moyo bado unadunda, basi ni wakati wa kuutazama wasiwasi wenyewe.

Daftari dogo la shule husaidia sana. Mgonjwa huandika saa aliyomeza dawa, saa moyo ulipoenda mbio, alichokula au kunywa kabla, alilala saa ngapi, na kilichokuwa kikiendelea nyumbani siku hiyo. Baada ya wiki chache picha hujitokeza. Pengine moyo hudunda kila baada ya kahawa tungu ya jioni. Pengine ni siku za mwisho wa mwezi, mwenye nyumba anapobisha hodi.

Hata hivyo, maumivu ya kifua, kuzirai, kupumua kwa shida au mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio si mambo ya kuandika daftarini na kusubiri. Aliye na dalili hizo apelekwe hospitalini mara moja.

Wasiwasi unaobaki

Majibu ya damu yakitengemaa, wengine hupata nafuu ya mwili na ya akili pamoja. Wengine hubaki na hofu. Hilo halina maana kwamba wanajifanya, wala kwamba dawa imeshindwa. Maana yake ni kwamba wasiwasi nao unahitaji tiba yake.

Tiba hiyo huanza kwa mazungumzo na mshauri nasaha, ambaye humsaidia mgonjwa kutambua mawazo yanayowasha hofu na kuyajibu. Daktari akiona inafaa, huongeza dawa ya wasiwasi. Nyumbani, yapo yanayosaidia: kuvuta pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi hofu inapopanda, kutembea kila siku jua likiwa limepoa, na kulala kwa saa zile zile. Kahawa kali, vinywaji vya kuongeza nguvu, miraa na muguka huupiga moyo kasi na kuiba usingizi. Anayetumia vitu hivyo hawezi kujua kama hofu ni ya tezi, ya moyoni au ya majani anayotafuna.

Familia nayo ina nafasi. Kumwambia mgonjwa “acha mawazo” hakujamwondolea mtu mawazo. Kumkumbusha kidonge, kumsindikiza kliniki na kumpokonya ndoo ya maji siku aliyochoka ni msaada unaoonekana. Anayekwenda kwa shehe, kwa mchungaji au kwa wazee kuombewa aendelee, mradi kidonge kisiachwe nyumbani.

Chumvi ya jikoni

Kilifi ni nyumba ya chumvi. Mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni yanajulikana nchi nzima. Lakini chumvi ya bahari kwa asili yake ina iodini kidogo mno, hata kama bahari yenyewe inayo. Ndiyo maana tangu miaka ya 1970 sheria ya Kenya inataka chumvi ya kula iongezwe iodini. Chumvi ghafi inayouzwa bila pakiti huenda haijaongezwa. Ni bora kununua iliyoandikwa kwamba ina iodini, kuifunika isipigwe na jua wala unyevu, na kuitia chakula kinapokaribia kuiva. Kutumia chumvi nyingi hakuongezi faida, bali hupandisha shinikizo la damu.

Mihogo ikitayarishwa vyema, kabichi na sukuma wiki zilizopikwa hazina haja ya kuogopwa kwa mtu anayepata iodini ya kutosha. Naye ambaye tezi yake imeshambuliwa na kinga ya mwili hatapona kwa kuongeza iodini. Kwake yeye, vidonge vya iodini vya kujinunulia vinaweza hata kuzidisha tatizo.

Pa kuanzia

Mwenye dalili aanze katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea kijiji anaweza kumwelekeza. Huko ataandikiwa kipimo au barua ya kumpeleka hospitali kubwa yenye maabara na mshauri nasaha. Ambaye hajajisajili na SHA anaweza kufanya hivyo kwa simu kupitia *147#. Ni vyema kuuliza mapema ni vipimo gani vinalipiwa, ili mtu asifike dirishani akarudi bila huduma.

Aliyelemewa na hofu, au anayefikiria kujidhuru, anaweza kupiga simu bila malipo kwa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya kwa nambari 1199.

Na yule mama wa mahamri? Akipimwa, akameza kidonge chake kabla ya chai, akarudi kupimwa tena kwa tarehe aliyopewa, na akapata mtu wa kuzungumza naye kuhusu hofu zake za usiku, ana matumaini makubwa ya kurudi kwenye karai lake akiwa na nguvu. Huenda ikachukua miezi. Huenda siku mbaya zikarudi mara moja moja. Lakini atajua zinatoka wapi, na atajua pa kwenda.