Dawa ya Kusukutua Haichukui Nafasi ya Mswaki

Mama mmoja alifika kliniki kwa shida ya tumbo, lakini kabla ya kuondoka akaniuliza jambo lililomkera kwa muda mrefu. Yeye hupiga mswaki asubuhi na usiku, na papo hapo husukutua mdomo kwa dawa ya chupa yenye floraidi. Mbona meno bado yanatoboka?

Nilianza na chai. Anayekunywa vikombe sita vya chai ya sukari kwa siku huwalisha bakteria wa mdomoni mara sita. Bakteria hao hugeuza sukari kuwa asidi inayoyeyusha madini ya jino. Floraidi husaidia madini hayo kurudi, lakini haiwezi kushindana na sukari ya kutwa nzima.

Kosa la pili lilikuwa la wakati. Dawa nyingi za meno za watu wazima zina floraidi kati ya sehemu 1,000 na 1,500 kwa milioni. Ile ya kusukutua kila siku kwa kawaida ina takriban 225 tu. Kwa hivyo mama huyu alikuwa akiosha iliyo kali na kubaki na hafifu. Anayesukutua kwa maji huipoteza zaidi. Tema povu, basi. Dawa ya chupa itumie saa nyingine, kwa mfano baada ya chakula cha mchana, kisha ukae nusu saa bila kula wala kunywa.

Je, kutumia zote mbili kuna faida? Ipo, ila ni ndogo kwa apigaye mswaki vizuri. Humfaa zaidi mwenye nyaya za kunyoosha meno, mwenye mdomo mkavu, au ambaye meno yake huoza mara kwa mara. Na soma kibandiko: chupa nyingine huondoa harufu tu, hazina floraidi kamwe.

Mtoto wa chini ya miaka sita asipewe, kwani ataimeza. Wazazi wa Nakuru na Naivasha wawe macho zaidi. Visima vingi huko vina floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na ndiyo huwatia watoto madoa ya kahawia kwenye meno yanayokua. Kuchemsha maji hakuiondoi.

Ama mama yule, jino lililokwisha kutoboka haliwezi kuzibwa na floraidi. Nilimwandikia barua ya kwenda kwa daktari wa meno.