Kolwezi: sheria inawapa Wakongomani kazi za migodini, lakini mtaji uko wapi?

Tangu sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017, kazi ambazo makampuni makubwa ya Kongo yanawapa wengine kuzifanya zinapaswa kwenda kwa makampuni ya Wakongomani. Kolwezi, mji mkuu wa jimbo la Lualaba, ni mahali ambapo sheria hiyo ilingojewa kwa hamu kuliko pengine. Miaka imepita, na swali la wafanyabiashara wa pale limebadilika. Zamani waliuliza kama wana haki ya kupata kazi za migodini. Sasa wanauliza watazifanya kwa pesa gani, na watalipwa lini.

Mali yenyewe inaonekana kwa macho. Ukizunguka Kolwezi utakuta Kamoto Copper Company, Mutanda, Sicomines, Commus na Metalkol. Magharibi mwa mji kuna Kamoa-Kakula, na ukishika njia ya Likasi utafika Kisanfu na Tenke Fungurume. Mwaka 2024 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba, na sasa ni Chile peke yake inayoitangulia duniani. Kwa kobalti, karibu robo tatu ya ile inayochimbwa duniani inatoka Kongo, na sehemu kubwa ni ya Lualaba.

Kila mgodi unahitaji vitu vingi ambavyo si kuchimba. Wafanyakazi wanapaswa kula, kuvaa nguo na viatu vya kazi, na kusafirishwa asubuhi na jioni. Kamyo zinahitaji matairi na mazutu. Majengo yanahitaji mafundi, usafi na ulinzi. Kazi hizo, ambazo wakaaji wa Kolwezi wanaziita sutretansi, ndizo zinazoweza kuacha pesa ya shaba mjini kabla shaba yenyewe haijavuka mpaka wa Kasumbalesa.

Mambo hayakuwa hivyo siku zote. Wakati wa Gécamines, kampuni moja ilifanya karibu kila kitu: ilikuwa na shule, hospitali, magari na ghala za unga. Fundi hakuhitaji kuwa na kampuni yake, maana alikuwa na mwajiri. Gécamines ilipoanguka, mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia uliwaondoa kazini zaidi ya wafanyakazi 10,000 kuanzia mwaka 2003. Wengi walifungua garaji, duka au karakana ya kuchomelea vyuma. Wengine, pamoja na watoto wao, waliingia mashimoni kuwa kreseri. Biashara ndogo za Kolwezi zilianzia hapo, katika mji uliojua kazi lakini usiojua mkopo.

Sheria ya 2017 ilikuja kuwapa watu hao nafasi. Inasema sutretansi ni ya makampuni yenye mtaji wa Wakongomani, yaliyoanzishwa na Wakongomani, na yenye makao ndani ya nchi. Kampuni kubwa hairuhusiwi kugawa zaidi ya asilimia 40 ya thamani ya soko lake. Inaweza kumwita mgeni pale tu inapothibitisha kwamba ujuzi unaotakiwa haupatikani nchini, tena kwa muda wenye kikomo. Mwaka 2018 serikali iliunda mamlaka ya kusimamia jambo hili, ARSP, ambayo inaandikisha makampuni na kukagua mikataba.

Tatizo la kwanza lililojitokeza ni la majina ya kuazima. Mkongomani anaandikwa kwenye hati kama mwenye kampuni, lakini pesa, mitambo na maamuzi ni vya mtu mwingine. Kwenye karatasi sheria imeheshimiwa, ila faida inaondoka kwa njia ileile ya zamani. ARSP imelilalamikia jambo hili mara nyingi. Lakini ukaguzi wa hati peke yake hautoshi, kwa sababu anayekubali kuazimisha jina mara nyingi ni mtu ambaye hana njia nyingine ya kuingia sokoni.

Tatizo hilo linatokana na kukosa mtaji. Tuchukue hesabu ya mfano. Mfanyabiashara wa komini ya Manika anapata mkataba wa dola 40,000 wa kuleta nguo na viatu vya kazi. Kununua mzigo kunamgharimu dola 32,000. Usafiri, forodha na gharama nyingine ni dola 4,000. Anategemea faida ya dola 4,000. Kwa kuwa hana pesa, anakopa zile dola 36,000 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, yaani dola 720. Akilipwa baada ya miezi mitatu, riba imekula dola 2,160, zaidi ya nusu ya faida yake. Akilipwa baada ya miezi sita, riba imefika dola 4,320. Amefanya kazi vizuri, mzigo umepokelewa bila kasoro, na bado ametoka na hasara ya dola 320.

Kwa hiyo tarehe ya kulipwa ina uzito sawa na sheria yenyewe. Kampuni yenye mama yake nje ya nchi inaweza kungoja miezi sita bila shida. Mwenye garaji hawezi. Serikali imeunda vyombo vya kusaidia, kama FOGEC ya kudhamini mikopo na ANADEC ya kusindikiza wajasiriamali. Lakini banki nyingi bado zinadai nyumba yenye hati kamili kama dhamana, na katika vitongoji vya Kolwezi vilivyokua haraka pembeni ya migodi, hati kama hiyo si kitu ambacho kila familia inacho.

Mtetezi wa wafanyabiashara katika mambo haya ni FEC, Shirikisho la Makampuni ya Kongo. FEC ni chama cha waajiri na pia ni chumba cha biashara, na ina tawi Lualaba. Kazi ya tawi kama hilo ni kupokea malalamiko ya wanachama, kuwafahamisha kuhusu kodi na sheria mpya, na kuketi mezani na serikali ya jimbo na idara za kodi. Lakini ndani ya nyumba hiyo moja wanakaa watu wa pande mbili: yule anayetoa mkataba na yule anayeutafuta. Mmoja anataka kulipa baadaye, mwingine anataka kulipwa leo.

Mvutano wa masilahi ndani ya FEC si jambo geni. Mwezi wa Machi 2018, baada ya Rais Joseph Kabila kutia sahihi kanuni mpya ya madini, makampuni makubwa kadhaa, kati yao Glencore, Randgold na Ivanhoe, yalijiondoa katika chama hicho yakisema hakiyatetei ipasavyo. Albert Yuma, aliyeiongoza FEC kwa miaka mingi, alikuwa pia mwenyekiti wa baraza la Gécamines hadi Desemba 2021. Kama wakubwa waliona kwamba sauti yao haisikiki, ni rahisi kuelewa kwa nini wadogo wengine wanaona afadhali kusemewa na vyama vya biashara ndogo kama COPEMECO.

Mwaka 2025 uliongeza uzito. Tarehe 22 Februari serikali ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje, kwa sababu bei ilikuwa imeshuka sana. Katazo la miezi minne liliongezwa miezi mitatu. Kisha, kuanzia tarehe 16 Oktoba, likafuatwa na mgao: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya 2025, halafu tani 96,600 kwa mwaka 2026 na kiasi hichohicho kwa 2027. Hiyo ni chini ya nusu ya kobalti ambayo nchi ilitoa mwaka 2024. Kwa taifa, hesabu inaeleweka: kuuza kidogo kwa bei nzuri kuliko kuuza kingi kwa bei ya kutupa. Lakini kampuni inayotafuta pa kupunguza gharama huanza na mikataba ya nje, na mwenye mkataba mdogo hana akiba ya kungoja bei ipande.

Kolwezi iliwahi kuonja hali hiyo. Mwishoni mwa 2019, bei ya kobalti ilipokuwa chini, Glencore ilisimamisha uzalishaji wa Mutanda, na mgodi haukuanza tena kabla ya mwisho wa 2021. Mji unaotegemea mteja mmoja unaugua siku mteja huyo anapoumwa.

Kuna pia gharama za kila siku ambazo hazingojei bei ya dunia. Kati ya Kolwezi na Lubumbashi kuna karibu kilomita 300 za barabara, zenye vituo vya malipo na misururu ya kamyo. Umeme nao una kitendawili chake. Mitambo ya Nzilo na Nseke iko kwenye mto Lualaba, karibu na mji, na laini kubwa ya Inga inaishia Kolwezi. Hata hivyo fundi wa kuchomelea anaweka jenereta pembeni, kwa sababu hajui umeme utakatika saa ngapi. Juu ya hayo zinakuja kodi za taifa, za jimbo na za komini, na kila idara inatuma watu wake.

Nje ya mji, katika wilaya za Lubudi na Mutshatsha, swali ni lilelile kwa sura nyingine. Kanuni ya madini ya 2018 inaipa eneo lenye mgodi asilimia 15 ya mrabaha, na inadai kila kampuni itenge asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Pesa hizo zinaweza kujenga shule na zahanati. Zinaweza pia kutengeneza barabara za mashamba na ghala za mahindi, ili chakula cha maelfu ya wafanyakazi wa migodi kinunuliwe kwa wakulima wa Lualaba badala ya kuletwa kutoka Zambia. Shule inasaidia kizazi kijacho, na soko la mahindi linaleta pesa tangu msimu wa kwanza.

Sheria ya sutretansi haikuandikwa kwa Lualaba peke yake. Inahusu pia mgodi wa dhahabu wa Kibali huko Haut-Uele, makampuni ya simu na viwanda vya bia. Anayetaka kujua kama inafanya kazi mahali alipo anaweza kuuliza mambo matatu: tangazo la zabuni limebandikwa wapi, nani hasa anatia sahihi kwenye akaunti ya banki ya kampuni iliyoshinda, na malipo yalifika baada ya siku ngapi. Kolwezi imeshapata haki ya kuingia mlangoni. Tarehe ya malipo ndiyo itakayoamua nani atabaki ndani.