Huyu Paka Hataki Mbogi! Linksi wa Uhispania Huishi Solo, na Watoto Wake Hudundana Vibaya

Kama wewe ni wale wa kuzima simu wikendi nzima juu unataka amani yako, linksi wa Iberia ni wa timu yako. Huyu paka mwitu wa Uhispania na Ureno ana mkia mfupi, ndevu za mashavuni na vishungi vyeusi kwa ncha za masikio. (Masikio kama hayo ukiyaona huku Kenya, huyo ni simbamangu, si linksi.)

Mambo ya kutembea kundi anaachia simba. Kila mmoja ana mtaa wake, na mipaka anaiweka kwa mkojo na kinyesi. Jirani akipita ananusa, anajua base ina mwenyewe, anageuka. Dume na jike hukutana hasa msimu wa kukatiana, Januari na Februari. Baada ya kama miezi miwili watoto wanazaliwa, na mathe ndiye analea. Baba? Usiulize.

Sasa noma iko kwa hao watoto. Wakifika kama wiki sita wanaanza kupigana, na si mchezo wa paka wa kejani. Mwaka 2005, kwenye kituo cha El Acebuche kule Doñana, jike kwa jina Saliega alizaa watatu, wa kwanza kabisa kuzaliwa kwenye mradi huo wa kuzalisha linksi. Watu walisherehekea. Halafu mmoja akauawa na ndugu yake. Siku hizi watoto wa vituoni hutazamwa kwa kamera, na vita ikiwaka wanatenganishwa.

Hapo kila mtoto alikuwa dhahabu. Hesabu ya 2002 ilipata linksi wasiofika 100. Dishi lao ni sungura, karibu mmoja kwa siku, na magonjwa yalikuwa yamefagia sungura wengi sana.

Leo linksi wamepita 2,000, wakubwa kwa wadogo. Mwaka 2024 shirika la IUCN likawatoa kwenye kundi la walio hatarini kutoweka, likawaweka kwa lenye nafuu kidogo. Lakini ile tabia ya kutotaka kushare mtaa bado inawaponza. Kijana akikua lazima atoke kwa mathe akatafute base yake, na njiani kuna barabara kuu. Magari yanawaua wengi kila mwaka, ndio maana sehemu zingine wamejengewa njia za kupita chini ya lami.