Umepoza chipu, umesahau jirani zake

Na Mwandishi Wetu, Muscat

Joto la Juni hapa Oman hupita nyuzi 40, na kompyuta ya michezo chumbani huunguruma utadhani kikaushio cha nywele. Kelele hizi si ngeni. Mwaka 2003 kampuni ya NVIDIA ilitoa kadi ya picha GeForce FX 5800 Ultra, ambayo feni yake ilipiga kelele hadi wenyewe wakatengeneza video ya kujitania.

Ndipo wengine tukang'oa kipozeo cha kiwandani na kufunga kikubwa zaidi, mfano Accelero Xtreme ya Arctic, yenye mapezi ya alumini, mirija ya shaba na feni tatu. Kazi yenyewe inataka bisibisi, spiriti ya kufutia grisi kuukuu, na grisi mpya kiasi cha punje ya mchele juu ya chipu kuu. Skrubu kaza kidogo kidogo, kwa mshazari, kwani chipu iko wazi na kona yake humeguka upesi.

Mimi nilifanya yote hayo. Programu ikaonyesha joto limeshuka, nikachekelea. Kumbe ilipima chipu kuu tu! Vichipu vya kupunguza volti, ambavyo kipozeo cha zamani kilivigusa, nilikuwa nimeviacha uchi. Wiki haikuisha, skrini ikawa nyeusi, na dukani wakakataa dhamana walipoona skrubu zimefunguliwa.

Kwa hiyo ndugu msomaji, vibandike vibati vyake, na vya memori pia, kabla ya kufunga kipozeo. Pima na nafasi: kinaweza kuziba matundu mawili ya jirani.