Pini ya Nusu Mita na Rekodi Nyingine za Masonara wa Kale

Tuanze na ukubwa, maana ndicho kipimo kisicho na ubishi. Mwaka 1785, karibu na mji wa Penrith kaskazini mwa Uingereza, iliokotwa bizimu ya fedha yenye pini inayozidi sentimita 50 na uzito wa gramu 700 hivi. Ni kazi ya karne ya 10, enzi za Waviking. Bizimu kwa kawaida ilikuwa ya kubania joho begani au kifuani, lakini pini ya nusu mita haibani joho, inalitisha. Waviking walilipana fedha kwa kuipima kwenye mizani, hivyo aliyevaa kitu kile alikuwa anatembea na akiba yake nje nje, kila mtu aione. Kama pambo, mimi siipi alama nyingi.

Hazina kubwa kuliko zote za dhahabu ya Waanglo-Saksoni ilipatikana mwaka 2009 katika shamba moja la Staffordshire, na mtu aliyekuwa na kifaa cha kutafutia madini. Dhahabu peke yake ilifika kilo 4 hivi, na vipande vyote pamoja vilikaribia 4,600. Cha ajabu, karibu vyote ni vya silaha, hasa mapambo yaliyobanduliwa kwenye vipini vya panga. Mapambo ya wanawake hayamo.

Kwa hayo inabidi twende Kent, kusini mashariki. Hapo mwaka 1771 mchungaji Bryan Faussett, aliyekuwa na uchu wa kufukua makaburi ya kale, alikuta kwenye kaburi la mwanamke bizimu ya Kingston, kubwa kuliko nyingine zote za Waanglo-Saksoni za aina yake. Upana wake ni sentimita 8.5, na uso wake wa dhahabu umegawanywa vijumba vidogo vidogo vilivyojazwa kioo cha buluu na ganeti, vile vito vyekundu kama damu. Ganeti zina safari ndefu. Uchunguzi wa kikemia umeonyesha kuwa nyingi zilizotumiwa na masonara wa Ulaya katika karne ya 5 na ya 6 zilitoka India na Sri Lanka, zikavuka Bahari ya Hindi kabla ya kuishia vifuani mwa watu wa baridi kali. Katika karne ya 19 British Museum ilikataa kuununua mkusanyo wa Faussett, bizimu ya Kingston ikiwemo. Bizimu hiyo sasa iko Liverpool.

Iliyodhulumiwa kuliko zote ni bizimu ya Fuller, ya mwishoni mwa karne ya 9. Ni bamba la duara la fedha lenye picha za milango mitano ya fahamu, za kale kuliko nyingine zote zinazojulikana. Kila mmoja umechorwa kama mtu: Kuona amekaa katikati, macho yamemtoka. Kuonja ametia mkono kinywani, Kusikia ameweka wake sikioni. Ilikuwa nzima mno, wataalamu wakaamua ni ya bandia. Mwishowe uchunguzi wa ule weusi uliojazwa kwenye michoro yake ulithibitisha kuwa ni wa kale kweli. Mmiliki wake, Kapteni Fuller, aliitoa kwa British Museum mwaka 1952, kwa sharti kwamba iitwe kwa jina lake. Alistahili.

Na bora kuliko zote? Mimi nasema bizimu ya Tara, ya Ireland, ya mnamo mwaka 700. Ilipatikana mwaka 1850 Bettystown, pwani, wala haihusiani na Tara, makao ya kale ya wafalme. Jina hilo ilipewa na sonara wa Dublin aliyeinunua, kwa sababu za kibiashara. Duara lake halifiki sentimita 9, lakini limesheheni nyuzi za dhahabu nyembamba mno zilizosokotwa kuwa wanyama, kaharabu, kioo na vichwa vidogo vya watu. Kilichonimaliza ni upande wa nyuma. Huo uligusana na nguo, hakuna aliyeuona isipokuwa mwenyewe, na bado fundi aliunakshi kwa bidii ileile ya mbele. Penrith haina jibu kwa hilo.

Ukifika Dublin, bizimu ya Tara iko Makumbusho ya Taifa ya Ireland, mtaa wa Kildare. Kiingilio ni bure.