Mapacha wa Kondo Moja: Umuhimu wa Kupimwa Mapema

Habari ya mapacha hupokewa kwa furaha Ujiji na katika mwambao wote wa Ziwa Tanganyika. Jamaa huuliza watoto ni wa kike au wa kiume. Lakini swali linalopaswa kutangulia ni hili: je, watoto hao wana kondo la nyuma moja au mawili?

Mapacha wanaofanana hutokana na yai moja lililogawanyika, na takriban theluthi mbili yao hushirikiana kondo moja. Humo mishipa yao ya damu huungana. Katika mimba 10 hadi 15 kwa kila 100 za namna hiyo, damu humwelekea mtoto mmoja kupita kiasi. Anayetoa hudumaa na maji yake ya uzazi hukauka. Anayepokea huzidiwa na maji, na moyo wake huelemewa. Pasipo matibabu, mara nyingi wote wawili hupotea.

Mwanzoni mama huweza asihisi lolote. Ndiyo sababu kipimo cha utrasaundi ni cha lazima. Kati ya wiki ya 11 na ya 14, mpimaji huweza kutambua idadi ya makondo kwa uhakika; baadaye huwa vigumu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, lilishauri kila mjamzito apimwe mara moja kabla ya wiki ya 24. Kwa mapacha wa kondo moja, mara moja haitoshi. Kuanzia wiki ya 16 hupimwa kila baada ya wiki mbili: maji, vibofu, ukuaji na mwendo wa damu. Tatizo likigunduliwa mapema, mama hupewa rufaa kwa mabingwa. Likichelewa, nafasi ya tiba hupungua.

Kwa hiyo wananchi wanashauriwa yafuatayo:

1. Kuanza kliniki mara mimba inapojulikana.

2. Kumwomba mpimaji aandike idadi ya makondo katika kadi ya kliniki.

3. Kwa wakaao mbali, kama Kagunga au Kalya, waume na jamaa watenge mapema nauli ya boti na mahali pa kufikia mjini.

4. Tumbo likikua ghafla kwa siku chache, au pumzi ikibana, mama apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Tahadhari kabla ya hatari.