Injini Mpya, Nyaya za Zamani

Katika barabara inayofuata ufuko wa Ziwa Tanganyika, kutoka Bujumbura hadi Rumonge na kuendelea Nyanza-Lac, gari dogo ndilo linalobeba riziki za watu wengi. Asubuhi hupakia abiria. Jioni hurudi na madumu ya mawese na magunia ya ndagala. Gari la namna hiyo halipumziki, na injini yake huchoka kabla ya bodi. Mwenye gari asiyeweza kununua jingine hutafuta injini iliyokwisha tumika Japani, akaifunga katika bodi ileile. Askari mstaafu aliyetia kiinua mgongo chake katika teksi hana uwezo wa kununua injini hiyo mara mbili.

Siku ya kuwasha ndipo taabu huanza. Starta inazunguka kwa nguvu, petroli inafika, lakini injini haishiki. Neno la kwanza kusikika gerejini huwa kwamba injini iliyouzwa ni mbovu. Huenda ikawa kweli. Lakini mara nyingi injini haina kosa lolote, na kosa ni la waya mmoja au miwili iliyounganishwa kwa kubahatisha. (Mafundi wa Rumonge, waliozoea maneno ya Kifaransa, huita plagi “buji” na starta “demarere”; jina lolote litumike, kazi ni ileile.)

Hapana budi kwanza kuifahamu swichi ya ufunguo. Kwa kawaida ina miguu minne. Mmoja huleta umeme wa betri wakati wote. Wa pili hulisha redio na vitu vidogo. Wa tatu hulisha koili, yaani kile kifaa kinachoukuza umeme wa volti 12 hata ukafikia maelfu ya volti na kutoa cheche kwenye plagi. Wa nne huamsha starta, nao hupata umeme pale tu ufunguo unaposhikiliwa mwisho. Wakati huo mguu wa redio hukatika, ndiyo sababu redio hunyamaza gari likiwashwa. Fundi anayelijua jambo hilo dogo anaweza kuyatambua makosa mengi kabla hajafungua kitu.

Ikiwa injini hushika ufunguo ukiwa umeshikiliwa mwisho, kisha ikazima mkono unapoachia, koili inapata umeme kutoka upande wa starta peke yake. Waya wa mguu wa tatu haukufika. Katika injini za zamani zenye platini, huenda pia kizuizi cha umeme kilicho njiani kimekatika. Kizuizi hicho hakikuwekwa kwa pambo. Koili iliyotengenezwa ifanye kazi nacho, ikipewa volti 12 kamili muda wote, huchemka na kuunguza platini.

Dalili ya pili ni kinyume chake. Starta inapozunguka hakuna hata cheche moja, lakini mkono unapoachia ufunguo injini hugutuka kana kwamba ilitaka kushika. Hapo koili imefungwa kwenye mguu wa redio. Taa ndogo ya kujaribia, ikiwekwa kwenye upande wa koili unaopokea umeme, itaeleza yote: sharti iwake ufunguo ukiwa mahali pa kawaida, na iendelee kuwaka starta inapozunguka.

Lipo pia gari linalokataa kuzima hata ufunguo ukitolewa. Watu hucheka, wengine hunong'ona habari za uchawi. Umeme unarudi kutoka alteneta kupitia waya wa taa ya chaji, ukailisha koili kwa mlango wa nyuma. Diodi moja ndogo katika waya huo, ikielekezwa sawasawa, huziba njia hiyo.

Linalosahauliwa kuliko yote ni waya mnene wa ardhi, unaounganisha injini na bodi. Injini hukalia mipira, na mpira haupitishi umeme. Waya huo usiporudishwa, umeme wa starta hutafuta njia nyingine, hata kupitia kebo ya pedali ya mafuta, nayo ikapata moto. Mita ikiwekwa kati ya ncha hasi ya betri na chuma cha injini, starta ikizunguka, haifai kuonyesha zaidi ya nusu volti. Magari yaliyokumbwa na maji ziwa lilipofurika mwaka 2024 yastahili kukaguliwa zaidi, kwa maana kutu hujificha chini ya boliti iliyokazwa vizuri.

Kwa injini za miaka ya karibuni, kama zile za Toyota Probox, taa ya kujaribia isiguse nyaya za kompyuta, itumike mita. Ikiwa kompyuta hiyo ina ulinzi wa wizi, itaukataa ufunguo isioutambua. Mnunuzi adai apewe injini pamoja na kompyuta yake, ufunguo wake, na fungu zima la nyaya lisilokatwa. Wauzaji hupenda kukata nyaya kwa koleo karibu kabisa na injini, na hapo ndipo nusu ya matatizo haya huzaliwa.

Fundi aliyechoka huvuta waya mmoja kutoka betri hadi koili, bila fyuzi. Injini inashika, watu wanapiga makofi, fedha inalipwa. Lakini waya huo hauujui ufunguo. Injini ikizima njiani, koili hubaki na umeme na inaweza kuchemka hadi kupasuka. Na waya ukisuguliwa na chuma mpaka ganda likachubuka, hakuna fyuzi ya kuukata moto. Nyuma ya kiti kuna madumu ya mawese, na katika miaka hii ya uhaba wa mafuta Burundi, pengine dumu la petroli pia. Mwenye gari anayo haki ya kuuliza, kabla ya kulipa, fyuzi iko wapi.

Kabla injini ya zamani haijatolewa, kila waya ufungwe kipande cha plasta chenye jina la mahali ulipotoka. Rangi zisiaminiwe, maana gari limepita mikononi mwa mafundi wengi. Mchoro wa nyaya uandikwe kwa kalamu ya wino, uwekwe pamoja na kadi ya gari, ili fundi wa Nyanza-Lac atakayeamshwa usiku aukute.